Deodata na Seva Iliyochelewa Saa Moja

Watu wa Nyamiaga wanamjua Deodata kama yule dada wa duka la fotokopi, anayekuchapia barua ya kuomba kazi huku akikusahihisha bila kuombwa. Ukimwambia aandike "nina uzoefu wa miaka mitano", atakuuliza uzoefu wa nini. Wateja wengine hununa. Yeye hajali, swali likimkaa rohoni halali nalo. Wachache wanajua kwamba wateja wakiadimika, dada huyo hufungua kompyuta yake nyingine na kufanya kazi anayoipenda kuliko chakula: kutafuta mashimo kwenye mifumo ya kompyuta za watu, kwa ruhusa yao wenyewe, kabla wezi hawajayaona.

Ana miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mugoma, mtoto wa wakulima wa kahawa na migomba. Kwa miaka mitatu amekuwa akiunda programu yake, akaipa jina Mshenga. Wapimaji wengi wa mifumo wana ghala la majaribio, maelfu kwa maelfu, kila jaribio likitafuta shimo la aina fulani, na wavivu miongoni mwao huyamwaga yote juu ya mfumo mmoja, liwalo na liwe. Mshenga hana papara hiyo. Kwanza anabisha hodi, anauliza taratibu: wewe ni mfumo wa aina gani, umeandikwa kwa lugha ipi, toleo la mwaka gani? Akishajibiwa, anaingia ghalani mwenyewe na kuchagua majaribio yanayomhusu mwenyeji huyo tu. Mshenga gani huyo atakayepeleka posa kabla hajaijua nyumba?

Jumanne moja, Mshenga alipata nyumba ya maana. Kampuni ya uwakala wa forodha iitwayo Nyota ya Akagera, pale Rusumo mpakani, ilikubali kupimwa. Deodata alifika saa mbili kasoro asubuhi, viatu vimeng'arishwa hadi vinatia aibu. Mlinzi, mzee Celestini, akamsimamisha getini.

"Kitamburisho, mwanangu."

"Shikamoo, babu. Hiki hapa."

"Marahaba. Haya ingia, ila mama reo ameamka vibaya."

Mama huyo ni Leonsia, mwenye kampuni. Na sababu ya kuamka vibaya alikuwa nayo. Mwaka uliopita alimwita mpimaji kutoka mjini, kijana wa tai na manukato, ambaye alimwaga majaribio elfu kumi na moja kwa mkupuo. Mfumo ukazimia. Malori yakapanga foleni siku mbili, na vitunguu vya watu vikaanza kuchipua ndani ya turubai. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Nisikilize, binti," alisema Leonsia, hata kiti hajamwonyesha. "Mpaka saa sita kamili. Mfumo ukizima hata dakika moja, unafunga begi. Usipoona shimo, unafunga begi vilevile, maana sitamlipa mtu kuniambia kuwa mimi ni mzima. Ukiliona bila kunizimia ofisi, nakupa kazi ya kudumu. Umenielewa?"

Deodata alimwelewa vizuri kabisa. Kazi ya kudumu maana yake ni kuagana na fotokopi na kuishi kwa ile kazi anayoiota, palepale nyumbani, bila kuhamia mji wa mtu. Aliitaka mno, hata akaogopa kwamba imeandikwa usoni.

Akaketi mezani kwa Wiston, fundi wa kompyuta wa kampuni, kijana mpole anayeomba radhi hata kwa meza akiigonga. Akamwachia Mshenga. Mshenga akabisha, mfumo ukajibu: mimi ni wa toleo jipya, la mwaka huu. Ghalani yakachaguliwa majaribio thelathini na nane. Yakaenda moja moja, kwa adabu. Nje malori yalikuwa yakinguruma kuelekea darajani, ndani hakuna aliyesikia hata kikohozi cha mfumo.

Saa tatu na nusu yakaisha. Shimo: hakuna.

"Safi," alisema Leonsia mlangoni, na furaha yake ilimchoma Deodata. "Kumbe mimi ni mzima."

Mtu mwingine angekunja waya. Deodata akafungua kumbukumbu za majibu na kuanza kuyasoma kwa kidole, kama anavyosoma barua za wateja wake. Kila jibu la mfumo huja na saa lilipotumwa. Jibu la kwanza: saa tatu na dakika kumi. La pili: saa tatu na dakika kumi. La tatu: saa mbili na dakika kumi. Akafikicha macho. La nne likarudi saa tatu. La saba likawa tena saa mbili.

Mpimaji wa tai na manukato angesema ni hitilafu tu, akapita. Lakini Deodata ni mtu wa huku. Nani Rusumo asiyejua? Unasimama upande huu wa daraja, miguu yako iko Tanzania, simu yako inanasa mtandao wa ng'ambo na kurudi nyuma saa nzima, kwa sababu Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Yeye mwenyewe aliwahi kuachwa na basi la Ngara kwa ajili hiyo, akiwa amesimama kituoni anajisifu kuwa amewahi.

"Kaka Wiston," alisema, "ulipoweka saa ya seva, uliangalia wapi?"

"Kwenye simu yangu."

"Ukiwa umekaa wapi?"

Wiston akatazama dirisha linaloelekea mtoni, kisha akatazama simu yake, kisha akatazama sakafu. "Hapahapa," alisema. "Lakini hii mpya sikuigusa, dada. Saa niliiweka ile ya zamani, siku ilipokufa betri."

"Ya zamani ipi?" Leonsia akarudi chumbani kwa hatua mbili. "Si uliniambia umeizima?"

Siri ikatumbuka kama jipu. Baada ya aibu ya mwaka uliopita Wiston alipata hofu, akaiacha seva ya zamani ikiwaka nyuma ya makabati, isaidiane na mpya kwa nyaraka zilezile, ili ikizimia moja, nyingine ishike kazi. Anayegonga mlango hajui ni ipi inamfungulia. "Samahani, mama," alisema. "Niliogopa malori."

Deodata alikuwa ameshainamia kompyuta yake. Alikuwa akicheka na kujitukana kwa wakati mmoja, maana kosa jingine lilikuwa lake. Mshenga wake alimsalimia mtu mmoja mlangoni akadhani amewajua wote waliomo ndani. Toleo jipya lilijitambulisha, naye akachagua majaribio ya toleo jipya tu, huku mzee wa nyuma ya makabati akijibu maswali yasiyomhusu. Kuuliza si ujinga, ila kuuliza mara moja tu ulikuwa ujinga wake.

Akaandika upya. Vidole vilimkimbia. Sasa Mshenga atambue kila jibu limetoka kwa nani, na ile saa iliyochelewa ndiyo alama: jibu likiwa nyuma kwa saa moja, huyo ni mzee. Jaribio la mzee likipokelewa na kijana, yaani seva mpya, lirudiwe mpaka mzee mwenyewe aitike. Chai ilipoa, andazi likakauka. Saa tano na robo akambishia hodi mzee peke yake. Ghala likatoa majaribio mia mbili na kumi na manne! Akayachuja yote yanayoweza kumwangusha, yakabaki sitini na moja.

Moja, mbili, tano. Kumi na mbili. Leonsia alikuwa amesimama nyuma yake, pumzi zake zinamfikia shingoni. La kumi na tisa likawaka jekundu, na Deodata akaruka kitini akapiga kelele kama mtu aliyeona goli.

"Mama, seva ya zamani haiulizi nywila! Mtu yeyote akitaja namba ya waraka, anapewa waraka wenyewe."

"Maneno. Nionyeshe."

"Nyaraka za wateja wako sizifungui, mama, sina ruhusa. Andika wa kwako, wa majaribio, uuingize kwenye mfumo kwa simu yako. Unitajie namba tu."

Leonsia akajitenga pembeni, akaandika huku akificha kioo kwa kiganja. Akataja namba. Zilikuwa zimebaki dakika nane kufika saa sita. Deodata akatuma ombi. Akajibu kijana, akakataa. Akatuma tena, kijana. Mara ya tatu likaja jibu lenye saa iliyochelewa, na waraka mzima ukafunguka kwenye kioo chake. Akausoma kwa sauti:

"Aina ya mzigo: maneno matupu, magunia mia mbili. Mwenye mzigo: Deodata wa fotokopi."

Wiston akacheka, akaziba mdomo. Leonsia hakucheka. Alitazama makabati, akitambua kwamba nyaraka za wateja wake wote zimekaa hadharani mwaka mzima, na akaketi polepole. Walisubiri wote wawili, fundi na mpimaji, kama washtakiwa.

"Mfumo umezima?" aliuliza Leonsia hatimaye.

"Haujazima, mama. Hata sasa malori yanapita."

"Basi mfundishe huyu jinsi ya kuiondoa hiyo takataka bila kunisimamishia kazi. Kesho duka la watu waachie wenyewe, uje hapa saa mbili na begi la safari." Akamtazama Wiston, akashusha pumzi ndefu. "Tunakwenda tawi la Biharamulo. Kule nako mitambo yote alifunga huyuhuyu."