Mkungu kwa Ndoo ya Chenga

Rafiki yangu, daktari wa mifugo, aliponiomba twende kugawa chakula cha mbwa na paka kwa watu walioshindwa kuwalisha, nilimwuliza: na watu wenyewe je, wameshiba? Akaniambia nibebe ndoo, maswali niulize njiani. Nikayauliza njia nzima.

Chakula chenyewe kilikuwa chenga, zile punje za mchele zilizovunjika, kutoka mashine za kukoboa mpunga za Mabogini, na dagaa waliopondeka ambao wauzaji wa soko la Kiboriloni walituwekea. Kila Jumamosi tulipanda navyo mlimani.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi aliyeishi peke yake kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kati ya migomba na mibuni. Watoto wake wako Dar. Alikuwa na mbwa wa kahawia, sikio moja limelala, na alishasema kwamba akishindwa kumlisha atampa mwenye gereji mmoja mjini, akafungwe mnyororo getini. Alilisema hilo akimtazama mbwa, si sisi. Tulikwenda ili lisitokee.

Tukamwamkia, tukamimina chakula kwenye debe lake. Tulipoaga akatuzuia. Ukaja mtori, supu nzito ya ndizi. Baada ya mtori, mkungu wa ndizi. Rafiki yangu, mtoto wa mlimani kama mimi, akaupokea kwa mikono miwili kama tulivyolelewa. Jumamosi iliyofuata, mkungu mwingine. Halafu mkungu na maziwa.

Nikaanza kuiangalia migomba. Kila tukija, mmoja umekatwa. Wakati wa kushuka nikamwuliza rafiki yangu: bibi akiziuza ndizi hizi Kiboriloni, si atanunua chakula cha mbwa na bado abaki na kitu? Akasema nimeanza mambo yangu ya chuo. Kisha akautazama mkungu uliokuwa begani mwake, akauhamishia bega la pili.

Kukataa kungekuwa matusi. Nilijaribu hata hivyo, nikasingizia kwamba mgongo unauma.

"Na ile ndoo ulipanda nayo kwa mgongo wa nani?" bibi akauliza, akanitwika.

Basi nikajiuliza ni nani anayeingia nyumba hii na kutoka bila kufungashiwa kitu. Mjukuu. Mjukuu hutumwa, hakaribishwi. Jumamosi iliyofuata hatukupita mbele. Tulipita nyuma, kwa njia ya zizi, tukiwa na ndoo na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikatua majani, nikachukua ufagio, nikaanza kufagia zizi bila kuulizwa.

Bibi akatoka jikoni. Alinitazama nikifagia, kisha akamgeukia rafiki yangu.

"Huyu ndiye aliyesoma?"

"Ndiye, bibi."

"Anafagia kama anaogopa kumwamsha ng'ombe."

Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kututuma. Huyu amletee mbwa maji, yule akate kuni. Rafiki yangu alilalamika kwamba yeye ni daktari. Akaambiwa kuni hazijui. Tulipoaga, hakuna aliyetuzuia.

"Jumamosi mlete majani mengi," alisema. "Haya yanamtosha mbuzi tu."

Hakutaja gereji siku ile, wala hajaitaja tena. Mbwa alitusindikiza hadi kwenye mfereji ulio mpakani mwa kihamba, akanywa, akageuka akarudi kwake. Swali langu la kwanza, kama watu wenyewe wameshiba, bado sijalipatia jibu. Nilishuka nalo, mikono mitupu, nikipiga mluzi.