Mama Brashi na Farasi Aliyegoma Kunyonyoka

Asubuhi haijakomaa. Mwanga unapenya juu ya mlango wa banda na kutua kwenye majani makavu, na ndani yake manyoya mepesi yanaelea bila haraka, kana kwamba hayajaamua yaangukie wapi. Mwanamke mmoja amesimama hapo katikati. Mkono wa kushoto ameuweka shingoni mwa farasi wa rangi ya kahawia, na wa kulia unazungusha kitana cha mpira.

Anakizungusha polepole, duara ndogo ndogo. Macho ameyafumba.

“Nikifumbua macho nitaanza kukimbizana na vumbi,” anasema. “Nikifumba, mkono wenyewe unaniambia wapi manyoya yameiva.”

Hapa wanamwita Mama Brashi, na jina limemganda hivi kwamba hata wajukuu wake wanalitumia. Ni mtunza farasi. Kazi aliianza kwa kufagia mazizi haya, binti yake akiwa bado mgongoni. Leo binti huyo ni msusi mwenye saluni yake, na mama bado yuko na farasi. Kodi ya chumba humeza karibu nusu ya mshahara wake, lakini ukimuuliza habari za mshahara anakuonyesha farasi.

Anaupenda zaidi msimu huu ambapo baridi inaaga na siku zinarefuka. Farasi hunyonyoka manyoya mazito yaliyowaota wakati wa baridi, na banda zima hujaa vumbi laini la manyoya linalokufuata mpaka nyumbani. Mama Brashi anacheka kwamba hata kwenye chai yake huwa anaopoa unywele.

Ndoo yake ina kitana cha mpira cha kulegeza manyoya mwilini na brashi ngumu ya kuyafagia. Brashi laini ni ya uso. Kwa farasi wenye manyoya mazito kuna bapa la chuma lenye meno. Chini kabisa kuna jiwe jepesi la kusugulia visigino, ambalo lilitoka saluni bila kuagwa.

“Hakuna kifaa cha farasi wote,” anasema. “Mwembamba ukimpitishia chuma kwenye mifupa, hakusamehi.” Kila kifaa hukijaribu kwanza ndani ya mkono wake mwenyewe, karibu na kiwiko, pale ngozi ilipo laini. Kikimkwaruza yeye, hakimgusi farasi.

Kwa hiyo msimu huu ulipomkatalia, alichanganyikiwa.

Chumba cha pili yupo farasi jike mweupe, mzee kuliko wote, anayeitwa Bi Mkubwa. Ndiye wa kwanza aliyemruhusu Mama Brashi kumpapasa, enzi zile za ufagio. Wenzake walipoanza kunyonyoka, yeye hakudondosha hata unyoya. Manyoya yalibaki marefu, na tumboni yakajisokota.

Mama Brashi alidhani mpira umechoka, akanunua mwingine. Akahamia kwenye chuma, kisha kwenye jiwe. Bi Mkubwa alisimama tu, masikio ameyalaza nyuma. Walipojaribu mashine ya kunyolea, sauti yake ilimtia wazimu, nusura avunje mlango.

Joto likawahi mwaka huu. Bi Mkubwa akawa anatoka jasho akiwa kivulini, anahema mbavu zikicheza. Siku moja mwenye mazizi, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuja kusimama mlangoni.

“Mama, sitaki ateseke,” alisema. “Joto likishika kasi naye yuko hivi, nitamwambia daktari amchome sindano ya mwisho.”

“Nilijibu, ‘Sawa, bosi.’ Halafu nikaenda kulia nyuma ya majani makavu,” anasimulia, akipangusa pua kwa mkono wenye manyoya.

Jioni ile alikwenda saluni kwa binti yake.

“Mwanangu, hebu nipe chanuo lako lile la chuma.”

“Mama, jiwe langu umeshalichukua! Wateja wangu visigino vinapasuka, farasi wako wanapendeza.”

“Nipe bwana. Manyoya yamegoma.”

Binti aliacha kusuka. “Mteja akija nywele zimegoma, mimi sikilaumu kitana, Mama. Namuuliza kama anaumwa.”

Mama Brashi alikaa kwenye kiti cha wateja. Kesho yake daktari wa mifugo aliitwa, akapima damu. Kumbe kuna tezi kichwani iliyochoka kwa uzee, na mwili wa Bi Mkubwa haukuwa na habari kwamba baridi imekwisha.

“Mbaazi ukikosa maua husingizia jua,” anasema Mama Brashi. “Mwenzangu anaumwa, mimi niko bize kumkwaruza. Niliona aibu, wacha nikwambie ukweli.”

Daktari aliandika dawa ya kila siku, inayofichwa ndani ya karoti, akasema vifaa vikae pembeni kwanza. Mwenye mazizi alikubali kungoja dawa ifanye kazi, ila macho yake yalikuwa kwenye jua.

Leo, baada ya kumaliza farasi wa kahawia, Mama Brashi anaiacha ndoo nje na kuingia kwa Bi Mkubwa mikono mitupu. Mwenye mazizi yupo mlangoni. Kiganja kinaanzia begani, kinashuka taratibu, kinasimama. Anakigeuza. Kimejaa manyoya meupe.

Anapapasa tena. Yanakuja mengine, mafungu mafungu, bila kulazimishwa.

“Bosi, shika,” anasema, na kumwekea kiganjani.

Mwenye mazizi anayatia kwenye mfuko wa shati. “Mwambie daktari sindano abaki nayo,” anasema. “Alete dawa ya mwezi ujao.”

Mwaka huu Mama Brashi alikuwa aache kazi, akakae saluni kwa binti yake. Sasa amemwomba binti amsubiri.

“Huyu hali karoti kwa mkono wa mtu mwingine, nitamwachia nani?” anauliza. “Nataka nimpeleke malishoni siku ya jua kali, atembee bila kuhema. Baada ya hapo tuzeeke wote wawili, hatuna haraka.”

Bi Mkubwa amesinzia akiwa amesimama, mdomo wa chini umelegea. Mama Brashi anamwegemea begani, na mkono wake unaendelea kushuka.