Nauli ya Kurudi

Wakio ni fundi cherehani kwenye veranda ileile ninayouzia vitunguu hapa Voi. Kwake hakuna kitu cha kutupwa. Hata noti ya mia tano iliyoraruka katikati aliishona kwa uzi mwekundu, nami nikamcheka nikamwambia benki watamfunga.

Noti hiyo alimpa mumewe, Mwandawiro, alipokwenda kuchimba vito upande wa Rukanga. "Hii ni ya kurudi," alimwambia mbele yangu. "Hata ukilala njaa, usiiguse." Mwandawiro hajui kubishana na mkewe. Aliikunja akaitia kwenye soksi.

Sasa ni wiki tatu simu yake haipatikani. Jumanne asubuhi Kavinya, yule muuza ndizi, alikuja kuchukua sare ya mtoto wake akalipa mia tano. Wakio akaitazama, akaigeuza, akakaa chini. Uzi mwekundu.

"Umeitoa wapi hii?"

"Mama Shantel," Kavinya akamjibu Wakio, "pesa si ni pesa? Nimepewa na Muinde, makanga wa basi ya Rukanga. Amenunua ndizi saa hii tu."

Nilichanganyikiwa kama yeye. Nauli imefika, mwenyewe yuko wapi? Kama amerudi, mbona hajafika kwake? Wakio akaanza: ameibiwa, ameporomokewa na shimo, ana mwanamke hapa mjini. Hilo la mwanamke ndilo lililomwinua. Alivua tepu shingoni, akanivuta mkono, tukamwachia Kavinya vitunguu na cherehani.

Muinde tulimkuta stendi akipakia magunia. Alipoiona noti alicheka.

"Hii ya kushonwa? Jana nilikataa kuichukua mpaka nikachoka. Kuna mzee pale Rukanga alimlipia dada mmoja mjamzito, alikuwa anakuja hospitali na hana kitu. Nikamuuliza, mzee, na wewe je? Akasema yeye atangoja."

"Ni mzima?"

"Mzima kabisa, mama. Amekonda tu. Alisema simu aliuza anunue unga, juu hii pesa alikatazwa kuigusa."

Wakio alicheka, akalia, akamtukana mumewe kwa Kidawida, yote kwa pumzi moja. Mimi nilisimama tu, sijui nimpe pole au hongera. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huyu mumewe ametenda wema akakosa nauli ya kwenda zake.

Wakio aliinyoosha ile noti pajani, akamrudishia Muinde. "Mpelekee. Mwambie ni ya kurudi."

Muinde akaitia mfukoni. Alikuwa ameshika ngazi ya basi Wakio alipomwita tena, akafungua fundo la leso na kutoa mia tano nyingine, nzima, isiyo na uzi.

"Na hii ni ya nini, mama?"

"Ya yule mwenye shida atakayemkuta kituoni," Wakio alisema. "Mume wangu namjua."