Vipigo Vitatu vya Shamte Likwata

Karani aliyekuja Lindi kusajili mabondia wa kulipwa kwa mapambano ya Jumamosi alikuwa mama mmoja aitwaye Bertha, mpole wa sauti, miwani imemteremka puani. Aliandika jina la Shamte Likwata kwenye kompyuta yake, akasoma, kisha akainua macho.

"Mbona wewe umeshasajiliwa?"

"Mimi? Hapana, mama. Nimepiga ngumi za ridhaa tu. Za kulipwa ndiyo kwanza naingia."

"Hapa una mapambano matatu. Uzito wa kati, yote Dar es Salaam. Yote umepigwa kwa KO."

Shamte akacheka. Miaka sita alikuwa amepigania mkoa, na hakuna mwamuzi aliyewahi kumhesabia kumi. Bertha akaigeuza kompyuta ili ajionee mwenyewe. Jina lilikuwa lake. Tarehe ya kuzaliwa yake, mahali Likawage, hata namba ya kitabu chake cha bondia. Sura ndiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya Stefano.

Kicheko kilimkauka mdomoni. Stefano alikuwa mwenzake wa mazoezi kule Rasbura, kwenye uwanja wa nyuma ya karakana ya useremala ya kocha wao, Sipriani. Walikuwa uzito mmoja, wakigongana kila jioni mpaka pua zikawa sugu. Na vitabu vya mabondia wote vilikaa kwa Sipriani, ndani ya sanduku lenye kufuli. Tangu arudi kutoka kuvuna korosho kwao Likawage, Shamte hakuwa amemwona Stefano mazoezini, na Sipriani alisema anapumzika.

Shamte alikuwa mpakiaji wa magunia ya korosho katika ghala moja Mingoyo. Ili ashuke kutoka kilo sabini na tano za ridhaa hadi sabini na mbili na nusu za kulipwa, kwa wiki tisa alikuwa amekimbia kila alfajiri akiwa na makoti mawili mwilini, akaacha ugali wa jioni, akabeba magunia tumbo likinguruma. Kumbe alikuwa anajikondesha ili aingie mahali ambapo jina lake limeshalazwa chini mara tatu.

Akatoka mle ukumbini bila kuaga, akapanda bodaboda hadi Mingoyo, nyumbani kwa Stefano. Njia nzima alikuwa anakunja na kukunjua ngumi.

Alimkuta Stefano ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, juani, shati wazi. Shamte hakupiga hodi.

"Simama!"

Stefano akatabasamu. "Sha! Umekula?" Akajaribu kuinuka, akayumba, akashika ukuta. Vidole vyake vikaanza kuhangaika na kifungo cha shati. Kifungo kikamshinda. "Karibu, ndugu yangu," akasema, maneno yakitoka mazito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Umekula?"

Mkewe, Skolastika, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama Shamte, akaziona ngumi zake.

"Umekuja kumpiga? Haya mpige. Si na wewe ni bondia? Wenzako walishaanza."

"Shemeji, amepigana kwa jina langu."

"Najua. Alinificha mpaka pambano la tatu, aliporudi hamjui mtoto wake." Akafuta mwiko kwa kanga. "Unakumbuka alivyozimia Mtwara kwenye ridhaa? Daktari alimfungia mwaka mzima, akagonga muhuri kwenye kitabu. Mwalimu wenu Sipriani akasema daktari hamjui Stefano. Akasema kitabu cha Shamte ni safi na mwenyewe yuko Likawage anavuna korosho, hatajua."

Shamte akakunjua ngumi. Akapiga magoti, akamfunga Stefano vifungo vya shati kimoja kimoja. Kisha akaondoka, na safari hii hakutafuta bodaboda. Alitembea kwa miguu mpaka jasho likamlowesha ndipo akapata gari la kumfikisha Rasbura.

Sipriani alikuwa anapiga randa ubao. Vijana watano walikuwa wanaruka kamba.

"Mwalimu, ufunguo wa sanduku."

"Wa nini?"

"Nataka kitabu changu."

Sipriani akaweka randa chini taratibu. Alielewa. "Shamte, kaa tuzungumze. Nilikuwa nawasaidia wote. Stefano alikuwa na shida, na promota alitaka mtu wa kilo hizo haraka."

"Alitaka mtu wa kupigwa!"

"Ngumi ndivyo zilivyo. Rekodi yako tungekuja kuirekebisha."

"Na kichwa cha Stefano utakirekebisha na randa hiyo?"

Kamba zikaacha kuruka. Sipriani akapaza sauti, akamwita mtovu wa adabu, akamkumbusha nani aliyemfundisha kukunja ngumi. Shamte hakumgusa. Alikwenda kwenye pembe ya karakana, akachukua patasi ya Sipriani mwenyewe, akalibandua kufuli la sanduku pamoja na mbao zake. Akatoa vitabu kimoja baada ya kingine, akisoma majina kwa sauti na kuwakabidhi wenyewe. Chake hakikuwamo; Sipriani akakiri kwamba kimebaki kwa promota. Cha Stefano kilikuwa chini kabisa, na muhuri wa daktari ulisomeka wazi: asipigane kwa miezi kumi na miwili. Akakitia mfukoni.

Kesho yake yeye na Skolastika walikaa mbele ya Bertha, Skolastika akaeleza yote, na Bertha akaandika bila kumkatiza. Alipomaliza akavua miwani.

"Barua itakwenda makao makuu. Majibu sijui lini. Ukitaka kupanda ulingoni Jumamosi, Shamte, utapanda na vipigo vyako vitatu. Ukitaka kusubiri, subiri."

"Sisubiri."

Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi ukiwa umejaa, mtangazaji akasoma jina lake, akaongeza kwa madaha kwamba ameshapoteza mapambano yake yote matatu kwa KO. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mpinzani wake, Jafari, kijana wa Masasi mwenye mikono mirefu, naye akatabasamu.

Kengele ilipolia Shamte alivamia kama mtu anayebomoa ukuta. Alirusha makonde ya mzunguko, mengi yakapita hewani, na Jafari akamwadhibu kwa mkono wa kushoto raundi mbili nzima. Jicho likavimba. Kwenye kona alikuwa na Valerian tu, dereva wa lori waliyezoeana naye ghalani, ambaye zamani alicheza ngumi kidogo.

"Unampiga Sipriani," Valerian alimwambia huku akimmwagia maji. "Sipriani hayumo humu. Mpige huyu."

Raundi ya tatu Shamte alishusha pumzi, akaanza kupiga mwilini, mbavuni, kwa subira. Ya nne Jafari alikuwa anashikashika ili apumue. Kengele ya mwisho ikalia. Majaji wakatoa sare. Mwamuzi akainua mikono yao wote wawili, na Shamte akashuka ulingoni akiwa amekasirika vilevile alivyopanda.

Barua ilikuja baada ya miezi saba. Sipriani alifungiwa miaka miwili. Vile vipigo vitatu viliondolewa kwa Shamte, vikaandikwa kwa aliyevipokea. Kwa hiyo sasa Stefano, ambaye hatapigana tena, ndiye mwenye rekodi ya bondia wa kulipwa aliyepigwa yote. Skolastika aliisoma barua mara moja, akamrudishia Shamte, akaingia ndani.

Mwezi uliopita kulikuwa na msiba Mingoyo. Shamte alikuwa amekaa mkekani na mama yake, Bi Kidawa, Sipriani akaja, akasimama mbele yao kama mzee anayengoja shikamoo. Shamte akamtazama usoni, shikamoo asiitoe. Sipriani akangoja kidogo, akapita.

"Shamte! Mtu mzima yule," mama yake akanong'ona kwa ukali. "Mimi sikukulea hivyo."

"Hukunilea hivyo, mama."

"Basi mwite umsalimie."

"Nyumba ya Stefano si hiyo hapo? Ameipita kuja hapa. Akirudi akaingia hata dakika moja, akamfunga kifungo, nitamfuata kwake kwa miguu nimpe shikamoo."

Wote wawili wakamtazama Sipriani akiinuka baada ya dua, akavaa kandambili zake, akashika njia ya nyuma, ile isiyopita kwa Stefano.