Tao Lililofungwa kwa Kekele

Kanisa la zamani la misheni yetu, hapa Kisangani ukingoni mwa mto, halina paa tangu wakati wa vita, na mimi fundi mwashi nimelipenda hivyo hivyo. Wamonaki waliolijenga zamani za ukoloni walichoma matofali papo hapo kwa udongo wa mto, wakainua kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu. Madirisha ni membamba, yenye duara juu. Mbele ya palipokuwa altare kuna tao kubwa, na chini ya tao hilo marehemu mama yangu alifunga ndoa.

Mwaka jana tao lilipata ufa. Padri akataka libomolewe, matofali yakajenge vyoo vya shule. Nilikasirika mpaka nikakosa adabu, naye akanivumilia.

« Batoto ya katekisimu banapitaka pale, » alisema. « Bon, nakupatia mpaka Pentekoste. Kama iko inasimama yenyewe, itabakia. »

Ilibidi nitoe matofali yaliyopasuka moja moja, niweke mengine kwa chokaa. Lakini kwanza tao lishikiliwe, na mbao sikuwa nazo. Nikamwendea tonton, mdogo wake mama, mvuvi wa Wagenia, ambaye husimamisha magogo katikati ya maporomoko ili atundike mitego yake. Mtu ambaye mto ule haumwangushii magogo, ukuta ungemshinda nini? Alikuja na wenzake wawili, wakasimamisha magogo chini ya tao, wakayafunga kwa kekele, kamba za msituni, bila msumari hata mmoja. Nilijivuna kana kwamba nimefunga mimi.

Wiki ya pili gogo moja liliteleza, tofali likadondoka hatua mbili kutoka niliposimama. Kekele zilikuwa zimelegea zote. Tonton alizishikashika, na aibu yake ikaniuma mimi.

« Kule kwetu zinakunywaka maji saa yote, » alisema. « Sikuwaza kama huku zitakauka. »

Maisha yake yote hakuwahi kufunga fundo pakavu.

Akafunga upya, nami nikaendelea kubadilisha matofali. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akishatoa samaki mitegoni, alikuja na ndoo kunywesha mafundo yake. Akina mama wa kwaya walimtania kwamba analima bustani ya magogo, kisha wakaanza kumchotea maji. Chokaa haina haraka, nami sikumharakisha mtu.

Jumamosi kabla ya Pentekoste tulitoa magogo. Padri alisimama mbali. Nilipobakiza kekele moja, tonton akaenda kusimama katikati, chini kabisa ya tao. Nilimsihi atoke.

« Ni mimi nilifunga, » alisema. « Kata. »

Nikakata. Gogo likatoka, mchanga kidogo ukamwangukia begani. Tukangoja. Hakuna kilichofuata. Padri akaja taratibu kutoka kule mbali, akaingia chini ya tao, akampa tonton mkono palepale. Nililia, wala sikujificha.