Majoka ya Jumatano

Harufu ya njugu za kuchoma ikichanganyika na ya buibui lililofukizwa udi hunipandisha hasira mpaka leo. Hunirudisha miaka ya sitini, Jumatano alasiri, siku ya sinema ya wanawake peke yao. Mabuibui yalitoka kila kichochoro cha Mji wa Kale, na sisi kutoka mtaa wa Ndia Kuu tulikuwa watatu: Mama, mimi binti wa miaka saba, na Shangazi, dadake Baba, ambaye bila yeye Mama hakuruhusiwa kutoka. Msidhani alikuja kutusindikiza. Alikuja kutuchunga kama askari wa forodha.

Wiki hiyo Mama alikuwa na hamu mno. Tulikuwa tumemzika ndugu yangu mchanga, na matanga yalikuwa yamekwisha. Baba alisema basi, machozi yakizidi ni kushindana na Mungu, naye Shangazi akawa anazunguka nyumba nzima kuhakikisha hayamwagiki. Picha iliyotangazwa ilikuwa ya Kihindi, ya mama aliyepotelewa na mwanawe, na picha hizo mnazijua: haipiti nusu saa, ukumbi wote unalia. Mama alikunja vitambaa viwili vya mkono akavitia mkobani.

Taa zikazimwa, na badala ya Wahindi wakatuletea majoka. Majoka makubwa yenye mabawa, yakiushambulia mji wa makaratasi, na kamba zilizoyaning'iniza nikiziona kutoka viti vya nyuma. Sijapata kuona picha ya kipumbavu kama ile, na mwenye sinema aliyetubadilishia bila haya sijamsamehe. Wanawake waliwaka. Kwetu mjusi kafiri akionekana ukutani huuawa, ni thawabu, basi mtu mmoja akapaza sauti, "Mijusi kafiri hao, wapigeni," na makubadhi yakaanza kuruka kuelekea pazia. Hata Shangazi alirusha lake.

Ndipo nikamsikia Mama. Alikuwa akilia, tena si kwa kwikwi za sinema, bali kwa sauti ya kutoka tumboni. Joka lilikuwa limetoka kukanyaga nyumba, nikadhani ameogopa. Nikamvuta buibui. "Mama, si kweli. Naziona kamba."

"Najua, mwanangu. Niate nilie."

Shangazi akamgeukia, mguu mmoja hauna kiatu. "Wifi, wewe walilia mijusi ya karatasi? Ntamwambia kakangu."

"Mwambie."

Wazee wetu walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Bibi mmoja wa kiti cha mbele aliacha kucheka akajipangusa macho, kisha na jirani yake. Mwishowe safu nzima ilikuwa inalia huku majoka yakiubomoa mji, na Shangazi ameinama chini ya viti anatafuta kubadhi lake.

Alimwambia. Baba akakataza sinema, nami nikayachukia majoka kwa miaka, nikiamini ndiyo yaliyomliza Mama. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba picha kwake ilikuwa yoyote tu. Alichokuwa akikitafuta ni mahali penye giza pa kumlilia mwanawe. Jumatano zilizofuata, saa ile ile ya sinema, alikaa jikoni akikata vitunguu, vingi kuliko sufuria ilivyohitaji. Shangazi akinung'unika kwamba mchuzi umezidi vitunguu, Mama alimwongezea.