Mlinzi Aliyenusa Mabibo

Saa nne asubuhi, bajaji inakata kona kwa fujo na kusimama puani mwa geti la dharura la hospitali moja mjini Mtwara. Ndani kuna kijana amelala kama gunia lililofunguka, mguu mmoja uko nje, na harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, imeshuka kabla yake.

Mlinzi Zuhura Chilumba haulizi bima wala kitambulisho. Anamkamata kijana kwapani, anamkalisha kwenye kitimwendo na kuanza kusukuma.

"Wewe, unanisikia? Mimi nani?"

"Wewe… mke wangu."

"Haya mume wangu, twende kwa daktari. Mahari tutazungumza ukiamka."

Dakika kumi baadaye muuguzi Josephu Nannonde anachungulia mlangoni. Kijana hana ugonjwa wowote. Kalewa tu, na tayari anakoroma.

"Dada Zuhura, huyu wa tatu wiki hii! Utatufungulia kilabu humu ndani."

"Wewe ndiye uliyesomea, kaka. Pua yangu mimi haina cheti."

Wanacheka, lakini Zuhura ndiye anayeacha kucheka kwanza.

Ana miaka 36, watoto wawili, na amevaa sare ya ulinzi kwa miaka sita. Zamu yake ni ya saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki, na karibu zote za kusimama. Mshahara hakutaka utajwe gazetini. "Nina ndugu wengi," anasema, "na bahati mbaya wote wanajua kusoma."

Kazi alifundishwa kwa wiki mbili: kukagua mifuko, kutumia mtungi wa kuzimia moto, kupiga saluti. "Mgonjwa hakuwemo kwenye mafunzo. Na getini ndiye anayekuja. Moto sijaletewa hata siku moja."

Yaliyobaki alijifunza kwa wenzake, likiwemo suala la benchi. Kila msimu wa korosho, mabibo yanapojaa mashambani na uraka kuwa rahisi kama maji, walinzi waliweka benchi pembeni ya geti. Aliyefika akiyumba na kunuka mabibo alikalishwa hapo alevuke kwanza, asije akawatapikia wagonjwa au kumtukana daktari. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na pengine ndiyo maana ilifuatwa kuliko zilizoandikwa.

Novemba mwaka jana, mchana, bodaboda ilimshusha Salumu Nangumbi, mkulima wa korosho wa Madimba mwenye miaka 52, akiwa amebanwa katikati ya dereva na mkewe, Saida. Alikuwa akiyumba, ulimi mzito, fulana imelowa maji ya mabibo. Zuhura alivuta hewa mara moja akatoa hukumu: akakae benchini.

"Nikamwambia mume wangu hanywi," anasimulia Saida. "Mtu wa swala tano huyu! Ametoka shambani kutenga korosho na mabibo. Sasa alitaka anuke udi?"

Zuhura anakumbuka alichojibu, na hapa sauti yake inashuka.

"Nikasema, 'Mama, wote wanaoletwa hapa huwa hawanywi.' Watu kwenye foleni wakacheka. Na mimi nikafurahi kwamba nimechekesha."

Salumu alikaa kwenye benchi dakika arobaini. Josephu alitoka kumwita mgonjwa mwingine ndipo akaona upande mmoja wa uso wake umeshuka. Kilikuwa kiharusi.

Alinusurika, ila mkono wa kulia haushiki kitu. Josephu anapima maneno yake: "Siwezi kusema angeingia mapema mkono ungepona. Wala siwezi kusema usingepona. Kwa kiharusi, dakika nazo ni dawa."

Taarifa ya siku ile ilisema mgonjwa "alichelewa kufika hospitali". Zuhura hakuulizwa lolote. "Ningefokewa, ningejitetea," anasema. "Sasa nijitetee kwa nani?"

Wiki iliyofuata alilibeba benchi mwenyewe hadi stoo.

"Sasa walevi watakaa wapi?" wenzake walimuuliza.

"Ndani, kama binadamu wengine."

Siku hizi kwake mtu anaingia kwanza, maswali yanafuata. Mkuu wake ameshamuonya mara mbili kwa kupitisha watu bila kuwaandika kwenye daftari. Zuhura naye amemuomba Josephu awafundishe walinzi wote, hata kwa nusu siku, dalili za kiharusi na za sukari kushuka, zinazofanana na za ulevi. Bado wanasubiri ruhusa.

Lakini kinachomkaa moyoni ni Jumanne. Siku hiyo Salumu huja na mkewe kwa mazoezi ya mkono. Zuhura huwafungulia geti na kuwasalimu. Salumu huitikia, Saida hupita akitazama mbele. Mwezi Machi Zuhura alijikaza akawafuata, akaomba radhi. Salumu alisema yamepita. Saida alisema, "Radhi haiokoti korosho."

Alisema kweli. Wana mikorosho tisini, na kuinyofoa korosho kutoka kwenye bibo kunataka mikono miwili: mmoja ushike, mwingine unyonge. Msimu huu Saida anaokota peke yake, na zinazokutwa na mvua chini huharibika.

Jumatatu Zuhura anaanza likizo yake ya siku 28. Miaka mingine huitumia kulala. Mwaka huu amepanga kwenda Madimba kuokota korosho za Salumu hadi likizo iishe, bila malipo.

Alipomweleza Salumu Jumanne iliyopita, mzee mzima alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mtu wa mjini wewe! Siku ya pili tu mgongo utakushitaki."

"Mgongo huu unasimama saa kumi na mbili, kaka Salumu."

"Kusimama na kuinama ni madarasa mawili tofauti, dada."

Saida alikuwa kando, akimfunga mumewe kifungo cha mkono wa shati. Alipoulizwa na mwandishi kama amekubali, alimaliza kwanza kifungo.

"Sijakubali," alisema. Akamwinua mumewe, wakapiga hatua chache, kisha akageuka. "Ila mwambieni avae hayo mabuti yake ya ulinzi, shamba lina nyoka. Na chakula asibebe. Kwangu hafanyi mtu kazi kwa njaa."